Maswali Yenu: Tuta la Mfalme Offa na Wanaolilinda

Katika toleo lililopita nilitaja, kwa aya moja tu, tuta la udongo linalopita karibu na Oswestry, mji mdogo wa mpakani mwa England na Wales ninakoishi siku hizi. Wenyewe huliita Offa's Dyke. Nilisema lina umri wa miaka 1,200 na zaidi, na kwamba linaliwa kidogo kidogo huku watu wakilitazama. Barua zimekuja kwa wingi, kwa hiyo safu yote ya leo ni ya Tuta la Offa.

Shikamoo bibi. Mimi ni muuguzi, naishi Wrexham. Nyuma ya mtaa wetu kuna kituta kirefu kilichoota miti, na wanangu huteleza hapo na vibao vyao. Jirani mmoja aliniambia ni la Offa, mwingine akasema hapana, ni la Wat. Mkweli ni nani? Na huyo Offa alikuwa nani hasa? — Mama wa watatu, Wrexham

Marahaba mwanangu. Kama uko Wrexham mjini, mkweli ni jirani wa pili. Hilo ni Tuta la Wat, linaloanzia Basingwerk kwenye mlango wa mto Dee, likapita mjini kwenu na kushuka kusini hadi Maesbury, kiasi cha kilomita 64. La Offa liko magharibi yako, upande wa milimani. Ukifika Ruabon au Chirk utakutana nalo. Mji wangu mimi umekaa kati ya hayo mawili.

Offa alikuwa mfalme wa Mercia, dola iliyoshika sehemu za kati za England ya leo. Alitawala tangu 757 hadi alipofariki 796, na hakuwa mtawala mdogo. Aliandikiana barua na Charlemagne, mfalme wa Wafaranki. Tena kuna sarafu yake moja ya dhahabu ambayo mtu wa pwani akiiona lazima asimame aitazame vizuri. Imenakiliwa kutoka dinari ya Khalifa al-Mansur wa Baghdad ya mwaka 157 Hijria. Ina maneno ya shahada kwa Kiarabu, na katikati ya Kiarabu hicho fundi amechomeka OFFA REX, yaani Mfalme Offa, kichwa chini miguu juu ukilinganisha na maandishi mengine. Kiarabu chenyewe kina makosa. Aliyechonga alifuata maumbo tu, hakujua anachoandika. Sarafu hiyo iko British Museum, London. Siku ukienda na watoto, iulizieni.

Sasa kwa nini mfalme huyo apange watu wachimbe mpaka mrefu namna hii? Maandishi ya kwanza yanayolitaja tuta ni ya Asser, mtawa wa Wales aliyeandika mwaka 893, karibu karne nzima baada ya Offa kuzikwa. Alisema Offa aliamuru litengenezwe tuta kubwa kati ya Wales na Mercia, kutoka bahari hadi bahari. Basi. Hakueleza sababu, hakutaja idadi ya wachimbaji, na Offa mwenyewe hakuacha hati yoyote juu ya kazi hiyo.

Kwa hiyo tunaliuliza tuta lenyewe. Handaki liko upande wa magharibi, upande wa Wales, na udongo uliotoka humo umerundikwa mashariki yake. Maana yake ni kwamba anayetoka Wales anateremka kwanza shimoni, halafu anakabiliwa na kilima. Mahali palipohifadhika vizuri, tuta na handaki lake vina upana unaofika mita 20, na kimo cha mita 2.4, hata baada ya mvua za karne 12. Na njia yake imechaguliwa na mtu mwenye jicho: sehemu nyingi linapita kwenye bega la kilima ambapo unaona mbali kuelekea magharibi. Baadhi ya wataalamu husema lilikuwa la kuzuia mashambulizi, baadhi husema la kuongoza biashara ipite kwenye milango michache, na wengine husema lilikuwa la kuonyesha ukubwa wa mfalme.

Mimi nashikilia mifugo. Mtu peke yake anaweza kuvuka handaki usiku, lakini ng'ombe 20 wa wizi wakiswagwa kwa haraka hawavuki. Ipo sheria ya baadaye kidogo, ya watu walioitwa Dunsæte, Waingereza na Wawelshi waliotenganishwa na mto mmoja mpakani, na sehemu kubwa ya sheria hiyo inahusu kufuata nyayo za mifugo iliyoibwa na kuvushwa ng'ambo. Si ushahidi kamili juu ya Offa, lakini inaonyesha watu wa mpaka huu walikuwa wakikosa usingizi kwa jambo gani.

Usisikilize upande mmoja, lakini. Karibu na Llangollen, si mbali na kwenu, kuna Nguzo ya Eliseg. Iliwekwa katika karne ya 9 na Cyngen, mfalme wa Powys, ufalme wa Wawelshi, kumsifu baba wa babu yake aliyewanyang'anya Waingereza nchi ya Powys na kuirudisha kwa wenyewe. Maandishi yake yameshafutika. Tunayajua kwa sababu Edward Lhuyd, mtaalamu wa mambo ya kale, aliyanakili mwaka 1696, yakiwa bado yanasomeka kwa taabu. Angechelewa kidogo, sauti ya Powys kwenye jiwe hilo ingekuwa imenyamaza kabisa.

Na hao watoto, mwanangu, watafutie mteremko mwingine. Sehemu nyingi za Tuta la Wat nazo zimo kwenye orodha ya serikali ya maeneo ya kale yanayolindwa. Kibao kimoja hakibomoi kitu, lakini kinachoanza kama mteremko wa watoto wa mtaa huishia kuwa mfereji wa maji ya mvua.

Shikamoo bibi. Ninafundisha historia sekondari. Wanafunzi wa kidato cha tatu wameniuliza swali nikakosa jibu zuri: udongo hauna maandishi, sasa mnajuaje umri wake? — Mwalimu, Morogoro

Marahaba mwalimu. Wanafunzi wako wameshika penyewe.

Waambie wafikirie mtu anayerundika udongo juu ya uwanja wenye majani. Majani yale hayaondoki. Yanazikwa yalipo, na baada ya miaka mingi yanakuwa mstari mweusi, wakati mwingine mwembamba kama kidole, chini kabisa ya tuta. Wataalamu wakilikata tuta wima, kama mtu anavyokata mkate, mstari huo unaonekana wazi: chini yake ardhi ya zamani isiyoguswa, juu yake udongo wa handakini, mara nyingi wa rangi nyingine kwa sababu umetoka chini zaidi. Nimesimama mbele ya mkato wa namna hiyo. Unaweza kuonyesha kwa kidole pale ambapo siku moja kulikuwa na malisho na kesho yake hayakuwepo tena.

Kwenye mstari ule hutafutwa vipande vya mkaa na mabaki ya mimea, vikapimwa kwa rediokaboni, yaani kipimo cha kaboni inayopungua kwa kasi inayojulikana tangu mmea ulipokufa. Njia ya pili hupima chembe za mchanga. Chembe zikizikwa mbali na jua huanza kujikusanyia nishati kidogo kidogo. Ukizichukua gizani, ukaziamsha maabara, mwanga zinaoutoa hukuambia zilizikwa lini.

Hapo ndipo mambo yalipokuwa matamu. Mwaka 2014, wataalamu wa taasisi ya akiolojia ya Clwyd-Powys walitangaza majibu ya vipimo kutoka kipande cha Tuta la Offa karibu na Chirk: kati ya mwaka 430 na 652. Offa alikuwa hajazaliwa! Kuna wanaosema majani na udongo ule ulikuwa na kaboni ya zamani zaidi, hivyo tarehe imevutwa nyuma. Kuna wanaosema tuta lilijengwa kwa vipande na wafalme mbalimbali, Offa akalikamilisha na kulipa jina. Na la Wat, ambalo kwa muda mrefu lilidhaniwa ndilo kongwe, lilipochimbwa Gobowen mwaka 2006 na kupimwa kwa njia ya mwanga, lilitoa mwanzoni mwa karne ya 9, baada ya Offa kufa.

Hata urefu una mabishano. Mwanaakiolojia Cyril Fox alilitembea na kulipima lote katika miaka ya 1920 na 1930, kazi yake ikachapishwa pamoja mwaka 1955. Baadaye David Hill na Margaret Worthington wakachimba sehemu nyingi na kusema tuta halisi la Offa linaanzia Rushock Hill upande wa kusini hadi Treuddyn upande wa kaskazini, kiasi cha kilomita 103, na kwamba vipande vya kusini ni vya watu wengine. Wapo waliowapinga, na vipande vya karibu na mto Severn bado huhesabiwa na wengi kuwa vyake. Leo ukijumlisha yote yanayoonekana unapata kiasi cha kilomita 130, pamoja na mapengo.

Mwalimu, wasisitizie jambo hili: hati yenyewe ni ule mstari mweusi. Tuta likisawazishwa kwa mashine, haipotei sura ya kilima tu. Linapotea jibu la swali ambalo bado hatujalimaliza.

Assalamu alaykum bibi. Nimeambiwa kuna mtu alilisawazisha hilo tuta kwa mashine na hakufungwa wala kutozwa faini. Nimekataa kuamini. Nchi yenye sheria za mambo ya kale tangu zamani ifanye hivyo? — Msomaji, Muscat

Wa alaykum salaam. Amini, ndivyo ilivyokuwa.

Agosti 2013, karibu na Chirk, kipande cha kiasi cha mita 45 kilisawazishwa. Kimesimama tangu enzi za Offa au kabla yake, kikapitiwa na vita, njaa, mifereji ya maji na reli, kikaondolewa na mashine kwa muda mfupi. Polisi walifungua uchunguzi. Mwishoni hapakuwa na mashtaka.

Sababu ilikuwa ndani ya sheria yenyewe. Uingereza ina sheria ya kulinda mabaki ya kale tangu 1882, na iliyokuwa ikitumika wakati huo ni ya 1979. Sheria hiyo ilikataza kuharibu eneo lililoandikishwa, lakini ili mtu atiwe hatiani kwa kosa la uharibifu, upande wa mashtaka ulipaswa kuthibitisha kwamba alijua eneo linalindwa. Ilikuwa lazima ionyeshwe alichokuwa nacho kichwani siku ile. Akisema hakujua, na hakuna barua wala shahidi wa kumkanusha, kesi imekwisha.

Nieleze kwa nini hilo liliniuma kuliko kawaida. Nilipokuwa nikiwaongoza wageni kwenye magofu ya Tongoni, kule Tanga, sikuhitaji kumshawishi mtu yeyote kwamba makaburi yale ya matumbawe ni ya kale. Jiwe lililochongwa linajitetea. Hata mtoto anajua kuna mtu alilichonga. Udongo hauna bahati hiyo. Tuta lililoota majani, kondoo juu yake, waya wa shamba umepita katikati, linafanana na kila kinyanyuko kingine cha shamba. Kwa hiyo sheria inayomsamehe asiyejua imeziacha kazi za udongo mlango wazi, kwa sababu kutozijua ndiyo hali ya kawaida ya watu.

Tukio hilo la Chirk lilitajwa sana Bunge la Wales lilipokuwa likitafakari sheria mpya. Sheria ya Mazingira ya Kihistoria ya Wales ya 2016 ikageuza mzigo. Sasa swali si kama ulijua tu, bali pia kama ulipaswa kujua. Na anayetaka kujitetea kwamba hakujua lazima aonyeshe kwamba alichukua hatua zote za busara kuulizia. Ili hilo liwe haki, Cadw, idara ya serikali ya Wales inayosimamia mambo ya kale, imeweka ramani kwenye intaneti, Cof Cymru, ambapo mtu yeyote anaweza kubofya shamba lake na kuona kama lina eneo linalolindwa. Sheria nyingine ya 2023, iliyoanza kutumika Novemba 2024, imekusanya sheria hizo za Wales mahali pamoja, kwa Kiingereza na Kiwelshi.

Naona hiyo ndiyo hatua kubwa kuliko faini yoyote. Ramani ya bure, ya wazi, inayomfikia dereva wa mashine kabla hajawasha injini.

Ila tuta halikujengwa kwa kufuata mipaka ya wizara za leo. Kipande kiko Wales, kinachofuata kiko England, halafu Wales tena. Ukivuka, Cadw inakuachia Historic England, na huko sheria ni ileile ya 1979. Shamba moja na jirani yake, tuta ni lilelile, mwenye mashine anajibu kwa masharti tofauti. England nayo ingefuata njia ya Wales. Sioni sababu ya kungoja mita nyingine 45.

Wasomaji wa nyumbani nao waangalie ya kwetu. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania, ya 1964, hutumia mwaka 1863 kama kikomo, na ya Kenya ya 2006 hutumia 1895: kilichotangulia hapo kina ulinzi. Kigezo cha mwaka ni kizuri kwa jengo lenye umri unaojulikana. Kwa rundo la udongo porini bado linabaki swali la nani atamwambia mkulima.

Bibi, hapa kwetu ni wafugaji na wapanda miti. Sielewi shida iko wapi. Si wazungushie uzio, wapande miti udongo usimomonyoke, wawafukuze kondoo? — Baba Neema, Njombe

Baba Neema, swali lako ndilo ninaloulizwa hata na majirani zangu hapa, na jibu linawashangaza: miti ni adui, kondoo ni rafiki, uzio unategemea.

Mti mchanga kweli hushika udongo. Lakini mizizi yake inapenya kwenye ule mstari mweusi niliomweleza mwalimu, inaupasua na kuuchanganya. Na siku upepo wa Januari ukiuangusha mti mkubwa, hauanguki peke yake. Unang'oa sahani nzima ya mizizi na udongo, ukaacha shimo ambalo gari dogo lingeenea. Ndiyo maana miti inayopunguzwa kwenye tuta hukatwa usawa wa ardhi na visiki kuachwa vioze. Kung'oa kisiki ni kuchimba.

Ukiondoa kondoo wote, baada ya misimu michache utapata miiba na kangaga za milimani zenye mizizi inayotambaa chini kwa chini. Kinachofaa ni majani mafupi, mazito, yaliyoshikana, na anayeyatengeneza hayo ni kondoo wa idadi ya kiasi. Wakizidi ndiyo shida. Kondoo hupenda kulala upande usio na upepo, na tuta huwapa upande huo. Siku ya upepo nenda ukaangalie: wamejipanga chini ya kingo, wanajisugua migongo. Majani yanakwisha hapo kwanza, udongo mtupu unaonekana, mvua inaula kwa chini, na juu unabaki mdomo wa majani unaoning'inia hewani bila kitu cha kuushika. Baridi ikiganda na kuyeyuka, mdomo ule unakatika, na kovu linasogea ndani. Mkulima anayelijua tuta lake hufanya kitu kidogo sana: anahamisha hori la chakula na maji mbali, kondoo wanafuata hori.

Ng'ombe ni wazito kwa miteremko ile, hasa majira ya matope. Jembe la trekta ndilo baya kuliko vyote, kwa sababu halionekani kuwa baya. Kila mwaka linashusha tuta kidogo na kujaza handaki kidogo, mpaka mjukuu wa mkulima anakuta uwanja tambarare na hajui alichopoteza.

Halafu kuna mwenye haki zake. Kuna mnyama wa usiku wa jamii ya nyegere, mnene, kichwa cheupe chenye milia miwili myeusi, Waingereza humwita badger. Anapenda mno tuta, kwa sababu udongo ulioburugwa na binadamu ni laini kuchimba na maji hayatuami. Mlangoni pa shimo lake utaona lundo la udongo wa chini, mwekundu na mawe yake, limemwagika juu ya majani mabichi pamoja na nyasi kavu alizolalia akazitupa. Kila lundo la namna hiyo ni historia imetolewa nje. Lakini mnyama huyu naye analindwa kisheria, kwa sheria ya 1992, na huruhusiwi kuziba shimo lake bila kibali. Wenye kibali huweka vilango vinavyofunguka upande mmoja, mnyama atoke asiweze kurudi, kisha ndipo shimo lizibwe na wavu utandazwe chini ya majani. Ni kazi ya subira na ya gharama.

Wakaguzi walipolitathmini tuta lote kwa vigezo vya uhifadhi, sehemu iliyo katika hali ya kuridhisha haikufika hata asilimia 10. Mashine ya Chirk ilitangazwa na magazeti, kama ilivyostahili. Sehemu iliyobaki inakwenda kwa kwato, makucha, mizizi na jembe, na hakuna mwandishi anayekwenda kupiga picha. Walio kwenye mstari wa mbele ni wakulima. Wapo wenye mikataba ya kulipwa na serikali ili wapunguze mifugo na kukata vichaka, na mimi naunga mkono kila senti, maana tuta liko shambani kwa mtu na yeye ndiye anayeliona kila siku.

Hujambo mama. Sisi Uganda tuna mahandaki yetu ya Bigo. Je, ni jambo moja na hilo la Offa? Na mbona la wazungu linajulikana zaidi? — Mwanafunzi wa chuo, Masaka

Sijambo mwanangu. Bigo bya Mugenyi, kusini ya mto Katonga, wilayani Sembabule, ni fahari, na nakuomba uende ukaione kama hujaenda.

Si jambo moja. La Offa ni mstari, unaogawa nchi na nchi. Bigo ni mizunguko, mahandaki yanayozingira eneo, na urefu wake kwa jumla unazidi kilomita 10. Mahali pengine yamekatwa kwenye mwamba hadi kina cha mita 4 hivi, jambo ambalo wachimbaji wa Offa hawakulazimika kulifanya mara nyingi. Nayo ni ya baadaye, karne ya 14 hadi ya 16. Simulizi huyahusisha na Bachwezi, watawala wa kale wa masimulizi ya huko. Peter Shinnie alichimba huko 1957, Merrick Posnansky 1960.

Kinachofanana ni udhaifu. Handaki lililojaa majani linaonekana kama korongo la kawaida, na ng'ombe hawana habari na Bachwezi. Kuhusu kujulikana: Bigo imo kwenye orodha ya awali ya Uganda kwa ajili ya Urithi wa Dunia wa UNESCO. Tuta la Offa lenyewe si Urithi wa Dunia. Ndugu yake wa bara, Danevirke, boma la udongo la mpaka wa Wadenmark ambalo leo liko kaskazini mwa Ujerumani, liliingizwa mwaka 2018 pamoja na mji wa kale wa Hedeby. Kwa hiyo mlango uko wazi kwa kazi za udongo. Kinachotangaza la Offa zaidi ya yote ni kwamba watu wanalitembea kwa miguu. Kama chuo chenu kina kundi la wanafunzi wa historia, anzeni na ramani ya mahandaki ya Bigo kwa Kiganda na Kiswahili, na mpige picha za sehemu zilezile kila mwaka, ili siku ofisa wa makumbusho akiuliza nini kimebadilika mwe na jibu.

Habari bibi. Mimi na mke wangu na binti zetu wawili tunataka kulitembea likizo ya Pasaka. Twende wapi, na tutalidhuru? — Baba wa Leicester

Njooni. Njia rasmi ya miguu ilifunguliwa Julai 1971, kilomita 285 kutoka Sedbury karibu na Chepstow hadi Prestatyn pwani ya kaskazini, na inavuka mpaka wa nchi hizi mbili zaidi ya mara 20. Wenye nguvu huimaliza kwa karibu wiki mbili. Jueni kwamba njia na tuta si kitu kimoja. Sehemu nzuri sana za njia, kama Black Mountains, hazina tuta kabisa.

Kwa familia nawashauri Knighton. Pandeni treni hadi Shrewsbury, halafu ile ya Heart of Wales. Treni za njia hiyo ni chache kwa siku, kwa hiyo angalieni ratiba ya kurudi kabla hamjaondoka nyumbani. Binti zenu watafurahi kujua kwamba stesheni ya Knighton iko England na mji wenyewe uko Wales. Mjini kuna Kituo cha Offa's Dyke, kinachoendeshwa na chama cha watu wa kujitolea kilichoanzishwa 1969. Ingieni hapo kwanza, kuna ramani na watu wa kuwaelekeza. Kisha pandeni kaskazini kuelekea Llanfair Hill. Ni mwendo wa kupanda, wadogo watalalamika, lakini huko ndiko tuta lilikosimama vizuri kuliko popote, zaidi ya mita 400 juu ya usawa wa bahari, na handaki lake mtaliona bila kuambiwa.

Kuhusu kulidhuru: miguu ya wengi hudhuru, yenu minane mkiwa waangalifu haidhuru. Pale njia inapopita pembeni ya tuta, piteni pembeni hata kama juu kunavutia. Mkikuta uchochoro uliochimbika, msiupanue kwa kukanyaga kingo zake. Mkitaka kusimama juu kwa picha, chagueni penye majani mazito, si penye udongo mtupu. Mkiona shimo jipya la mnyama au kipande kilichokatwa, pigeni picha, andikeni mahali, mkawaachie wale wa kituoni mkirudi. Kifaa cha kutafutia madini kisitoke nyumbani; kukitumia kwenye eneo lililoandikishwa bila kibali ni kosa kisheria.

Leteni viatu vya mpira kwa wote wanne na koti la mvua. Pasaka huku juu bado kuna matope, na mwanzoni mwa Aprili theluji haishangazi mtu.